Tahadhari: Msinunue Pepa la Kwenye Simu

Wazazi wenzangu wa Tingi, walimu wenzangu, na ninyi wanangu mnaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne: someni hili leo. Msiliweke hadi Jumapili.

Mtihani unaanza Novemba, na ujumbe wa kuuza pepa umeshafika kwenye simu za watoto wetu. Wiki mbili zilizopita baba mmoja wa hapa kwetu alinionyesha simu ya binti yake. Ndani yake kulikuwa na kundi lenye neno NECTA kwenye jina lake, picha yake ni nembo ya Baraza la Mitihani, na ahadi yake ni pepa zote za mwaka huu pamoja na majibu kwa shilingi 30,000, "tuma na ya kutolea". Binti alikuwa ameshatuma nusu. Fedha hiyo aliipata kwa kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu, debe kwa debe.

Shilingi 15,000 zinauma. Lakini kilichonikosesha usingizi ni jibu la binti nilipomuuliza kwa nini alituma. Hakulia wala hakubisha. Alisema, "Mwalimu, bila pepa mimi siwezi. Wenzetu wa mjini wote wanalo."

Hapo ndipo tapeli alipomwibia. Kabla ya kumuuzia pepa, alikuwa ameshamwaminisha kwamba peke yake hawezi. Fedha itatafutwa tena msimu ujao. Mtoto anayeingia kwenye chumba cha mtihani akiwa ameshajihukumu, huyo atarudishiwa nini?

Msimu wenyewe unawasaidia hawa watu. Kahawa ya Mbinga na Nyasa huvunwa kuanzia Juni hivi hadi Septemba, Oktoba. Ndicho kipindi ambacho mwanafunzi wa huku anaweza kuwa na noti mfukoni: amechuma kahawa Jumamosi, amebeba magunia, au kama ni wa upande wa ziwani, amesaidia kuanika dagaa. Fedha inaingia, siku zinayoyoma, hofu inapanda. Tapeli hahitaji hata kupanda gari afuate lami ya kilomita 66 ya Mbinga hadi Mbamba Bay. Yuko popote alipo, ana laini ya simu na bando.

Nimekaa na vijana kadhaa walionaswa, nikawaomba wanieleze hatua kwa hatua. Maelezo yao yanafanana kama mapacha. Unaingizwa kwenye kundi bila kuomba. Ndani yake kuna watu wanashukuru: mwaka jana nilipata Divisheni Wani, Mungu akubariki kaka. Watu hao ni tapeli mwenyewe na wenzake, kila mmoja na laini tatu au nne. Halafu inatupwa picha ya nusu ukurasa kama sampuli. Ni pepa la miaka ya nyuma lililofutwa mwaka, au mock ya mkoa mwingine. Unatuma fedha. Unaambiwa majibu yanauzwa peke yake. Unatuma tena. Unaambiwa faili lina ada ya kufunguliwa. Ukilalamika, sauti inabadilika: nina jina lako, nina namba yako ya mtihani, nakupeleka Baraza sasa hivi. Mtoto ananyamaza. Ukimya huo wa mtoto ndio mtaji wa tapeli, na ndiyo maana biashara hii inapita nyumba hadi nyumba bila mzazi kujua.

Kuna hila moja ambayo imewapumbaza hata watu wazima, na nataka muielewe vizuri. Kijana anakwambia, "Lakini mwaka jana pepa lilikuwa kweli, nimeliona mwenyewe, limetumwa siku mbili kabla ya mtihani." Kwenye Telegram mwenye chaneli anaweza kubadilisha ujumbe aliokwisha kuutuma, akaondoa picha ya zamani na kuweka mpya, na tarehe ikabaki ile ile ya mwanzo. Kwa hiyo Jumatatu anaweka picha yoyote. Jumatano mtihani unafanyika, pepa linatoka nje na watahiniwa. Jioni anaweka picha ya pepa halisi mahali pa ile ya Jumatatu. Mwaka unaofuata anawaonyesha wateja wapya: tazameni, nililitoa Jumatatu. Pembeni ya ujumbe hubaki alama ndogo inayosema umehaririwa, lakini macho yenye hofu hayaioni.

Udanganyifu wa aina hii umekwisha kuangusha mtihani wa nchi kubwa. India, Juni 2024, mtihani wa UGC-NET, wa wanaotaka kufundisha vyuo vikuu, wenye watahiniwa zaidi ya 900,000 ulifutwa siku moja tu baada ya kufanyika, kwa sababu picha ya pepa ilikuwa imezagaa mtandaoni ikionekana kuwa ilitoka kabla. Wapelelezi wa CBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, walipochunguza walikuta picha ile imechezewa ili ionekane ya mapema. Watu laki tisa walirudishwa nyuma na picha ya uongo. Nasi tunadhani kijana wa kidato cha nne mwenye simu ya kuazima ataugundua ujanja huo peke yake, usiku, katikati ya hofu?

Mtaniuliza: je, mtihani haujawahi kuvuja kweli? Umewahi, na sitawaficha. Oktoba 2008 nilikuwa kidato cha nne. Mwaka ule mtihani wa Hisabati ulivuja. Bwenini kwetu karatasi moja ilizunguka usiku, imeandikwa kwa mkono, na wenzangu wakachanga fedha kuipata. Sikuwa na kitu cha kuchanga. Nilijifunika blanketi nikaona dunia imenitupa. Kama karatasi ile ilikuwa ya kweli au ya uongo, hilo sikulijua wakati ule, na halikuwa na maana yoyote baadaye, kwa sababu serikali iliufuta mtihani ule na nchi nzima tukaurudia kwa pepa jingine. Waliokuwa wamefunga madaftari kwa kutegemea karatasi wakajikuta mbele ya maswali wasiyoyajua, na wiki zile za kusoma zilikuwa zimekwenda. Wawili kati yao walikuwa na akili za hesabu kunizidi mimi. Mpaka leo nikikutana na mmoja wao tunazungumza mambo yote isipokuwa hilo.

Kwa hiyo hata pepa la kweli linapovuja, njia zake ni mbili: ligundulike lifutwe kwa wote, au likamatwe mikononi mwako ufutiwe wewe. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, halifuti somo moja moja kwa mtahiniwa aliyefanya udanganyifu. Hufuta matokeo yake yote. Mwaka 2022 lilifuta matokeo ya watoto 2,194 wa darasa la saba kwa udanganyifu na kuvifungia vituo 24. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka huo huo, watahiniwa 333 walifutiwa. Fikirieni watoto wa darasa la saba, miaka kumi na tatu, kumi na minne, wamebeba aibu ambayo mara nyingi watu wazima ndio walioipanga. Na simu yenyewe ukiingia nayo chumba cha mtihani ni kosa, hata kama ndani yake hamna kitu.

Sasa nirudi kwa yule binti, kwa sababu jibu lake halikuzaliwa na ujumbe wa simu peke yake. Ujumbe ulikuta shamba limeshalimwa. Mtoto wa huku anaanza maisha kwa Kimatengo, Kimpoto au Kinyasa. Anasoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, na wengine wanaongoza darasa. Kisha Januari moja anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo linakuja kwa Kiingereza. Yule aliyekuwa ananyoosha mkono wa kwanza anakaa kimya. Anadhani akili zimemwisha. Hazijamwisha, amebadilishiwa lugha, na hakuna aliyemwambia kwamba ugumu ule una sababu na kwamba unapungua kwa kufanyiwa kazi. Miaka minne ya ukimya huo ikipita, mtu yeyote anayekuja kusema "bila msaada wangu huwezi" anaonekana msema kweli.

Mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012? Yalitangazwa Februari 2013, na watahiniwa zaidi ya 240,000, zaidi ya nusu ya watahiniwa wote nchini, wakapata ziro. Huku vijijini wazazi walisema watoto wa siku hizi hawana kichwa. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei mwaka huo serikali ikatangaza kuyafuta matokeo yale na kuyapanga upya. Siwaambii hili ili kijana apate kisingizio. Nawaambia kwa sababu niliwaona vijana waliokwisha kuamini hukumu ile, na hukumu ilipobadilishwa wao walikuwa wameshaacha kila kitu.

Kijana wangu, chukua karatasi ya mock yako. Usiifiche. Alama 30 ni D, 45 ni C, 65 ni B, 75 ni A. Ulipata 24 kwenye Baiolojia ukajiita mbumbumbu. Umebakiza alama sita ufike D, na swali moja lililojibiwa vizuri hulipa hizo na kuzidi. Ulipata 38 kwenye Jiografia: saba zaidi uko C, na C tatu ndizo zinazofungua mlango wa kidato cha tano. Hesabu yako ni hiyo, ndogo, inayoandikika nyuma ya daftari. Tapeli anataka uuone mtihani kama mlima mzima usiopandika, kwa sababu anayeona mlima mzima ndiye anayetafuta wa kumbeba.

Na sisi ni watu wa milima. Nani asiyejua kilimo cha ngoro? Nyasi hukatwa, hulazwa kwa mistari inayokatizana mpaka mteremko unajaa miraba. Kisha unasimama ndani ya mraba mmoja, unachimba katikati yake na kuzifukia nyasi kwa udongo uliouchimba, unahamia mraba unaofuata. Maharage hupandwa kwenye kingo. Mvua ikija, maji hutulia kwenye mashimo badala ya kuporomoka na udongo hadi bondeni. Bibi yangu alilima hivyo maisha yake yote, na sikumsikia hata siku moja akizungumzia mlima. Alizungumzia shimo alilokuwa amesimama ndani yake. Mteremko mzima ulikwisha akiwa bado anaongea habari za shimo.

Shimo lenu la kuanzia ni pepa, na za kweli zipo, tena za bure. Baraza huweka kwenye tovuti yake mitihani ya miaka iliyopita, na pamoja nayo taarifa za uchambuzi wa majibu zinazoeleza swali kwa swali watahiniwa waliandika nini, walikosea wapi na kwa nini. Taarifa hizo ni hazina, na nasikitika kwamba wanafunzi wengi hawajawahi kuambiwa zipo. Walimu, hata kama shule ina simu moja yenye intaneti, pakueni na kuchapisha. Ubao na chaki vinatosha kuwanakilia maswali wasiopata karatasi.

Namna ya kuzitumia ina maana kuliko wingi wake. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Wengine waliisoma na kuirudia tena na tena. Wengine waliisoma kisha wakafunga karatasi na kuandika wanachokumbuka. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka zaidi kwa mbali. Lakini lililonigusa mimi ni jingine: wale waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Kumbe kuna kujiamini kunakodanganya, kule kunakokuja kwa kupitisha macho kwenye daftari lililokwisha kuzoeleka. Kujiamini kwa kusimama nako mtihanini unakuchuma kwenye karatasi tupu, unapoandika bila kuchungulia, unakosea swali la tatu, unalirudia kesho, unalipata. Basi kaeni saa tatu kamili kama siku yenyewe, simu iko kwa mama, pepa la miaka ya nyuma mezani. Sahihishaneni. Aliyekosa aeleze alikosa wapi bila kuchekwa. Mkipiga msuli namna hiyo hata mara moja kwa wiki kwa kila somo gumu, mtaingia Novemba mnajua mnachojua.

Hisabati najua inawatisha, na kweli kila mwaka nchini wanaoanguka ni wengi kuliko wanaopita. Wasichana ndio wanaoambiwa zaidi kwamba si yao. Mhandisi Stella Manyanya, aliyechaguliwa mwaka 2015 kuwa mbunge wa jimbo letu la Nyasa kisha akawa Naibu Waziri wa Elimu, hakuupata uhandisi kwa kuikimbia Hisabati.

Kwa mabinti nina neno jingine, na wazazi msinikasirikie kwa kulisema wazi. Wengi wenu mmepanga vyumba karibu na shule, mageto, kwa sababu nyumbani ni mbali. Huko hakuna mtu mzima wa kuwauliza mmelala saa ngapi na nani amepiga hodi. Mwanaume yeyote, awe bodaboda, awe mwenye duka, awe hata mwalimu, akikwambia ana pepa na atakupa ukimfuata kwake usiku, hana pepa. Ondoka. Mwambie mwalimu wa malezi, mwambie mama yako, mwambie mtendaji wa kijiji, na wa kwanza asipokusikiliza nenda kwa wa pili. Hakuna alama yoyote kwenye cheti chochote inayolingana na kitakachochukuliwa kwako chumbani mule.

Na ikitokea ukaanguka? Hofu ya swali hili ndiyo inayojaza mifuko ya matapeli, kwa kuwa watoto wetu wanaamini ziro ni kaburi. Kila mwanzo wa mwaka Baraza hufungua usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, na aliyekwama anarudia masomo yaliyomwangusha. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaendesha masomo ya sekondari kwa walio nje ya shule. Tangu waraka wa serikali wa Novemba 2021, hata aliyeacha shule kwa ujauzito au sababu nyingine ana njia ya kurudi darasani. Kijana anayejua kwamba kuna kesho baada ya matokeo huingia mtihanini na mkono usiotetemeka.

Wazazi, acheni kwa wiki hizi maneno yale tunayoyatupa bila kufikiri: kichwa kigumu kama baba yako, ada yangu imepotea, mtoto wa fulani atakuacha mbali. Nami nimeyasema nyumbani kwangu, na nimeyajutia. Mpunguzieni kazi za shamba hadi mtihani upite. Kahawa iliyobaki mtini itachumwa na sisi. Kama ni taa ya sola, iwe yake usiku. Kama shule imeomba debe la mahindi na maharage ya kambi ya kujisomea, lipelekwe wiki hii.

Na usiku huu, kabla hajalala, muulize kwa upole kama ametumiwa ujumbe wa pepa. Akikubali, usimpige wala usimtukane, kwa sababu ukimfokea mmoja, wenzake kumi watanyamaza. Msiujibu ujumbe huo, msitume hata shilingi moja zaidi, wala msiusambaze kwa nia ya kuwaonya wengine, maana ndivyo unavyosafiri. Upelekeni namba 15040, iliyowekwa kwa ajili ya taarifa za utapeli wa simu, kisha mwambieni mkuu wa shule. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, isije ikawa mmoja wa hao matapeli anatumia jina lako.

Yule binti ameshatoka kwenye lile kundi. Jumamosi iliyopita alikaa saa tatu na pepa la zamani la Baiolojia. Amepata 33.